Sahihi ya Pili

Kanuni za Tutafutane ziliandikwa na Dorcelle Ngosa kwa wiki tatu na zilivunjwa kwa dakika nne. Dakika hizo nne yeye hakuwapo. Alikuwa kwenye shamba la mama yake, huko Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, anapalilia mahindi huku matope yamemfika magotini, na simu yake ilikuwa imelala nyumbani bila chaji kwa sababu umeme ulikuwa haujarudi tangu Jumapili.

Tutafutane ilikuwa programu huria. Msimbo wake uliwekwa wazi kwenye mtandao, na yeyote aliyetaka aliweza kuuchukua, kuutengeneza na kurudisha alichotengeneza. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mwaka ule mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi, na Bukavu ikafuata, watu walimwagika barabarani, mama huku mtoto kule. Aliyepotelewa na mtu aliandika jina la anayemtafuta, na aliyepotea aliandika jina lake na mahali alipofikia. Majina yakikutana, programu iliwauliza wote wawili, na wote wawili wakikubali ndipo kila mmoja alipewa namba ya mwenzake. Mmoja akinyamaza, hakuna kinachofunguka.

Kitu cha namna hiyo hakichezewi, ndiyo maana Dorcelle alikaa wiki tatu na kalamu. Nakala iliyotumiwa na watu aliiita tawi kuu. Mtu akitaka kubadili chochote, hata rangi ya kitufe, akate tawi lake mwenyewe, alipe jina la kazi anayoifanya, afanye humo, kisha aombe liunganishwe na tawi kuu. Na tawi kuu halipokei kitu bila sahihi mbili: ya aliyeandika, na ya mlinzi ambaye hakuigusa kazi hiyo ila ameisoma mstari kwa mstari. Walinzi walikuwa wawili, yeye na Edmond Kapya, waliyesoma naye chuoni Kasapa tangu mwaka wa kwanza. "Kidole kimoja hakivunji chawa," aliandika juu kabisa ya ukurasa. Wanafunzi waliochangia msimbo walicheka, lakini walielewa.

Basi, kanuni nzuri hizo. Ila Lubumbashi ina kanuni yake nyingine, haijaandikwa popote na kila mtu anaitii: mwenye umeme ndiye afanyaye. Leo umeme uko kwako, unachaji simu za barabara nzima na unawagandishia majirani samaki wao. Kesho uko kwao, wanakufanyia vilevile. Ni ujirani mwema, na asiyeufuata huonekana mchoyo. Kwa hiyo mwezi wa pili tu wa programu, Edmond alipokuwa gizani Kasapa na Dorcelle ana umeme Annexe, waliandikiana maneno yao ya siri kwenye vipande vya karatasi. Mwenye umeme atasaini kwa wote wawili. Kazi isilale. Hakuna aliyeona haya, na watu wawili waliosoma wakajigeuza mtu mmoja mwenye majina mawili.

Papa Muhindo hakujua hayo. Alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa maharagwe na vitunguu kwa jumla, mwenye malori mawili, Mkristo wa kuomba kwa sauti kubwa kabla ya kula, na aliishi nyumba tatu kutoka kwa akina Dorcelle. Mwezi wa tatu wa programu dereva mmoja wa kwao alimletea kutoka Kalemie msichana wa miaka kumi na sita aliyekimbia Goma, amekonda, ana kovu bichi kidevuni. Aliitwa Chance. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Muhindo. Mama yake walipoteana naye barabarani risasi zilipoanza, na ukoo wa mume ulikuwa hausemezani na mjane huyo tangu matanga. Muhindo hakuwa na namba yake, wala yeye hakuwa na namba ya Muhindo. Kati ya mama na mtoto ilibaki Tutafutane peke yake.

Muhindo alisita sana. Mjini maneno yalikuwa mengi. Vijana kwenye mabaa walisema watu wa mashariki wanaletwa kwa malori waje kuwafungulia waasi njia, na kila mgeni alikuwa jasusi mpaka aseme vingine, na akisema vingine walimwambia anadanganya.

"Mutoto wangu," alimwambia Dorcelle, "ile jina haitatembea?"

"Haitembei, Papa. Hata miye siwezi kuifungua peke yangu. Inaomba bantu babili."

Dorcelle akamwandika Chance yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, msichana akikagua herufi kwa herufi.

Sasa, Ijumaa ile, siku tatu baada ya zile dakika nne, Dorcelle alikuwa anaosha jembe Papa Muhindo alipoingia uani bila kubisha. Hakuwa amevaa viatu. Mtu ambaye hata akienda kuchota maji huvaa viatu vya ngozi.

"Bamekuya," akasema. "Vijana bane. Bamesukuma mulango ya portail mpaka imeanguka. Banasema, iko wapi Chance, yule wa Goma, tunajua eko hapa. Bametupa majiwe ku dirisha. Banasema batarudia."

"Nani alibaambia jina?"

Muhindo akamnyoshea simu. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mtu alikuwa ametuma kiungo, na chini ya kiungo watu wameweka alama za moto na za bunduki. Dorcelle alikibonyeza. Ukurasa ulifunguka mara moja, hauombi neno la siri, hauulizi kitu. Ulikuwa ukurasa mzuri, una bendera ya taifa juu yake. *Waliohama, kwa mahali walipotoka na mtaa walipo sasa.* Majina mia nne na kitu. La Chance lilikuwa la kumi na tisa. Pembeni yake: Goma, kisha Annexe, kisha jina la mwenyeji wake na namba ya simu.

Dorcelle alikwenda nyuma ya choo akatapika chai.

Aliporudi, alitumia simu ya Muhindo kuingia kwenye ghala la programu, pale kila badiliko linapoandikwa pamoja na jina la aliyelifanya. Akalipata. Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Tawi: *ukurasa-wa-washirika*. Mwandishi: Edmond Kapya. Saa nne na dakika kumi na nne, limeunganishwa na tawi kuu. Na chini yake sahihi ya mlinzi, yenye maneno ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeyatunga: *Nimesoma. Nimekubali. Dorcelle Ngosa.*

"Ni jina ya nani ile?" Muhindo akauliza. Alikuwa anasoma juu ya bega lake.

"Yangu," akasema Dorcelle. "Lakini haiko miye."

Muhindo akanyosha mkono. "Ni yako na haiko weye," akasema, akachukua simu yake na kwenda zake.

Dorcelle alipanda pikipiki mpaka Kasapa na matope ya shamba miguuni. Hakumkuta Edmond kwenye chumba chao cha zamani chenye mende. Mlinzi wa lango alimwelekeza kwenye jengo la nyuma, orofa ya kwanza, mlango mpya. Ndani kulikuwa na baridi. Kulikuwa na kompyuta sita, friji ndogo, na juu ya bati, aliyaona wakati anaingia, mabamba ya jua yamepangwa safi kabisa. Kumbe ndivyo. Mtu mwingine hununuliwa kwa gari au kwa cheo. Edmond Kapya alikuwa amenunuliwa kwa umeme usiokatika.

"Dorcelle! Ingia, utasikia baridi. Huku courant haikatikaka." Akafungua friji akamtolea chupa ya maji. "Kunywa, ma chère, unaonekana umechoka."

Alikuwa na kiu kweli. Aliitazama ile chupa iliyotoka jasho na akaona kinyaa, kama ameletewa maji ya kuoshea maiti. Hakuipokea.

"Ni nani alisaini ile page?"

"Page gani?"

"Edmond, usinifanye mujinga."

"Ah, ile." Akacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kwa kawaida tu, kwa mtu aliyekumbushwa jambo dogo. "Ni weye. Enfin, jina yako. Haukukuwa na courant. Njo vile tunafanyaka, non?"

"Ulibapatia majina ya bantu."

"Nilibapatia page ya partenaire. Ni bureau moja ya serikali, inataka kusaidia badéplacés, bale balikimbia. Shi banapashwa kujua beko wapi? Banatupatia hii salle, banatupatia panneaux ya jua. Na tena ni logiciel libre. Libre! Kila kintu iko wazi, ni siye benyewe tuliandika."

Huyu ni mtu aliyesoma miaka mitano. Alijua vizuri sana kwamba msimbo kuwa wazi hakufanyi majina ya watu kuwa wazi. Jirani akikufundisha anavyopika sombe yake, hajakupa ruhusa ya kuingia chumbani kwake usiku. Alijua, na bado alisema hivyo, kwa uso mkavu, mbele ya mtu aliyekaa naye mwaka mzima wakigawana mkate na mshumaa.

"Bamefika kwa Papa Muhindo," Dorcelle akasema. "Bamevunja portail. Banatafuta mutoto wa miaka kumi na sita."

Edmond akaweka chupa mezani. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa zamani. Halafu ukajikusanya tena.

"Miye sikutuma muntu," akasema. "Ile haiko faute yangu."

"Toa page. Sasa hivi."

"Siwezi. Nilibaahidi mpaka mwisho wa mwezi. Nikiitoa leo, batatupokonya salle yote. Fungua branche, andika maoni yako, tutajadili. Weye njo uliandika règles, Dorcelle: muntu mumoja hagusi branche kuu."

Hapo ndipo Dorcelle alipoona kwamba hasira imemwisha na kilichobaki ni karaha tupu. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta ya pili, viatu vyake vikiacha matope kwenye zulia jipya. Akakata tawi. Akaliita *funga-majina*. Alifuta ule ukurasa wote, akaandika jina lake, akaomba liunganishwe. Mashine ikamjibu kwa adabu kwamba inangoja sahihi ya mlinzi wa pili.

"Saini," akasema.

Edmond alikunja mikono kifuani.

Dorcelle akatoka kwenye jina lake, akaandika jina la Edmond Kapya, na chini yake neno la siri la Edmond, ambalo hakuhitaji hata kulikumbuka, vidole vililijua. *Nimesoma. Nimekubali.*

"Ile ni mot de passe yangu!" Edmond akapaza sauti. "Ni wizi!"

"Ndiyo," akasema Dorcelle. "Ni wizi."

Ukurasa ulifungwa. Angeweza kuondoka hapo hapo, na labda ingekuwa heri yake. Lakini alikuwa bado ndani ya jina la Edmond, na akarudisha orodha ya sahihi nyuma, mwezi kwa mwezi, akitaka kumwonyesha ni mara ngapi amemwibia. Mara tisa. Kisha akahesabu zile ambazo yeye amesaini kwa jina la Edmond. Arobaini na moja. Arobaini na moja, na kati ya hizo hakukumbuka hata moja ambayo Edmond aliiona kabla, na nyingi hata yeye hakuzisoma mara ya pili, kwa sababu alijua ni kazi yake na kazi yake ni safi. Nyani haoni kundule. Aliwaambia watu mia nne kwamba milango yao ina walinzi wawili, na mwaka mzima hapakuwa na mlinzi wa pili hata siku moja. Edmond aliukuta mlango wazi tu, na aliyeuacha wazi ni yeye.

Edmond alikuwa akisema kitu kuhusu urafiki. Hakumsikiliza.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ukurasa ulikuwa umefungwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kuupiga picha, na jioni ile kundi la mtaa lilikuwa bado linatumiana orodha. Dorcelle alikwenda moja kwa moja kwa Papa Muhindo. Lori lilikuwa limerudishwa nyuma mpaka mlangoni, magunia ya vitunguu yamepangwa pembeni ili katikati pabaki nafasi ya mtu kukaa. Chance alikuwa ameshakaa humo, ameshika mfuko wa nguo mapajani.

"Nimefunga page, Papa."

"Asante," Muhindo akasema bila kumtazama, akaendelea kufunga kamba. "Sasa futa jina yake."

"Papa, kufuta haitasaidia. Yenye ilitoka, ilitoka. Jina yenye iko mu programme sasa hakuna muntu anaiona. Njo ile mama yake atakuta, kama anatafuta. Nikifuta, hatamukuta tena."

"Usinifundishe," akasema Muhindo taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulinifundisha mara moja. Nilikusikia. Futa."

Kutoka kati ya magunia Chance akauliza, "Na mama akinitafuta?"

Baba yake mdogo akakaza kamba, na Dorcelle alikuwa na jibu lile lile tu la mwezi wa tatu, ambalo halikuwa na thamani tena.

"Niachie basi namba moja," akamwomba Muhindo. "Ya huko munaenda. Nitaichunga miye mwenyewe, ku karatasi."

"Namba? Uiweke wapi?" Akaruka chini, akapangusa mikono. "Tunapita Sakania, ku mupaka. Kisha pale, usiniulize. Bibilia inasema kimbilieni mji mwingine, haiseme muandike adresi."

Kanuni ya saba ya Tutafutane, aliyoiandika mwenyewe, ilisema mwenye jina akitaka jina lake lifutwe, lifutwe saa ile ile. Dorcelle aliomba tena simu ya Muhindo. Akamtazama Chance, akingoja yeye mwenyewe aseme. Msichana alimtazama baba yake mdogo, kisha akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu mtoto anayelishwa na mtu hukubali. Dorcelle akalifuta. Simu ikamuuliza kama ana hakika, naye akabonyeza ndiyo. Lori likaondoka kabla giza halijaingia vizuri.

Wiki ile Dorcelle alibadilisha maneno yote ya siri, akachana kile kipande cha karatasi chenye neno la Edmond, akaandika kwenye ukurasa wa kanuni, kwa jina lake, kila alichokifanya: sahihi arobaini na moja. Wachangiaji wanne waliondoka. Mmoja aliandika kwamba anamheshimu kwa ukweli wake, na Dorcelle alichukia sana neno hilo. Edmond naye hakupoteza chochote. Alichukua nakala nzima ya msimbo, akaipa jina jingine, akaendelea nayo kwenye chumba chake cha baridi pamoja na ukurasa wa washirika, na hakuna wa kumzuia, kwa maana programu ni huria na hiyo ndiyo haki ya kila mtu. Aliizindua kwa keki. Picha zilionekana mjini kote.

Siku ya kumi na tisa baada ya lori kuondoka, umeme ulirudi Annexe asubuhi, na Dorcelle akafungua maombi mapya. La nne lilikuwa la mwanamke aliyefika Kalemie kwa mtumbwi. *Natafuta binti yangu Chance. Miaka kumi na sita. Alikatwa kidevuni na bati siku tuliyokimbia. Anaogopa mbwa.* Na programu, kwa uaminifu, ilikuwa imemjibu: *Hakuna mtu wa jina hilo.*

Alimpigia Muhindo. Namba haipo. Alikwenda nyumbani kwake. Portail ilikuwa bado chini, na mbuzi wa mtu walikuwa wanakula maua. Alimwuliza dereva mmoja wa zamani wa Muhindo, naye akasema walivuka kwenda Zambia, na Zambia ni kubwa.

Kanuni ya pili iliwakataza walinzi kuwapigia watu simu. Alimpigia yule mwanamke wa Kalemie. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mtu aliyengoja simu hiyo kwa miezi, ilipokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Mama wa Chance?"

"Ni mimi! Ni nani? Umemuona?"

"Eko muzima, Mama. Alifika huku Lubumbashi, kwa Papa Muhindo, ndugu ya baba yake. Alikuwa anakula, alikuwa ameanza kunenepa. Nilimuona na macho yangu. Baliondoka, balipita Sakania, balivuka. Sijue kwenye balifika. Sina namba yabo."

Huko Kalemie mama alikuwa analia na kumshukuru Mungu kwa pamoja, na nyuma yake wanawake wengine wakaanza kupiga vigelegele.

"Juu ya nini baliondoka?" akauliza alipopata pumzi.

Dorcelle alikuwa amelitayarisha jibu la swali hilo. Alikuwa ameliandika hata kwenye daftari, linaanza na "Ni miye", ili lisimponyoke.

"Kulikuwa fujo," akasema. "Kuna bantu balitoa jina yake inje."

"Bantu babaya," mama akasema. "Mungu atabaona. Lakini wewe, dada, wewe mwenye kuchunga mutoto wangu na hata haunijue, Mungu akubariki. Akubariki mikono yako. Akupatie batoto, na asikutenganishe nabo hata siku moja."

Dorcelle alitazama mikono yake mezani. Mama kule akangoja, maana baraka hungojewa jibu.

"Amina," akasema.